Maswali yenu: Kasisi aliyechuchumaa nyuma ya wiketi

Mwezi uliopita niligusia kwa mistari mitatu tu habari ya kasisi mmoja wa Somerset, Uingereza, aliyekuwa anacheza kriketi ya kaunti enzi za Malkia Victoria na Jumapili anapanda mimbarini, nikaendelea na mambo yangu mengine, kumbe wengi mmenasa hapo hapo. Barua na meseji zimekuja mpaka nimeamua safu nzima ya leo nimpe yeye na wenzake. Kwa ambao hawakusoma, jina lake ni Archdale Palmer Wickham, alizaliwa 1855 akafariki 1935, na kazi yake uwanjani ilikuwa kipa wa wiketi, yaani yule anayekaa nyuma ya vijiti vitatu akidaka mipira inayompita mpigaji. Haya, twende.

Mhariri, habari za kazi. Mimi ni mzee wa kanisa na sielewi kitu kimoja. Kasisi ana ibada, ana wagonjwa wa kutembelea, ana ndoa na misiba. Huyo alipata wapi siku tatu nzima za kwenda kucheza? Alikuwa anaiba muda wa kanisa?

Shikamoo mzee. Swali lako ndo lililokuja mara nyingi kuliko yote, na jibu lake limejificha kwenye kalenda. Mechi za kaunti wakati ule zilikuwa za siku tatu, na nyingi zilianza Jumatatu zikaisha Jumatano, au zilianza Alhamisi zikaisha Jumamosi. Jumapili hakuna mchezo kabisa, uwanja umefungwa, kila mtu anatarajiwa awe kanisani. Kwahiyo hakuna siku kasisi alilazimika kuchagua kati ya mimbari na wiketi, wiki yenyewe ilikuwa imeshamgawia. Chukua mfano wa kweli: Mei 1895 Somerset walikwenda Bristol kucheza na Gloucestershire, mechi ikaanza Alhamisi tarehe 16 na siku yake ya mwisho ilikuwa Jumamosi tarehe 18, na Wickham alikuwa kipa. Parokia yake ilikuwa Martock, kijiji kikubwa cha Somerset ambacho tangu 1853 kilikuwa na stesheni yake kwenye reli iliyotoka Yeovil kuelekea Taunton, na Taunton ndo ulipo uwanja wa nyumbani wa kaunti. Reli ndo iliyofanya maisha ya namna hii yawezekane. Kasisi wa miaka mia kabla yake, hata angekuwa na mikono ya dhahabu, asingeweza kwenda kucheza kaunti nyingine na Jumapili asubuhi akawa amevaa joho kwao.

Alafu kuna hili, sio kila kazi ya parokia ilimsubiri kasisi mwenyewe. Parokia nyingi zenye uwezo zilikuwa na kasisi msaidizi, kijana ambaye bado hajapata parokia yake, analipwa na yule mkubwa, na ndiye anayesoma sala za katikati ya wiki na kuzika mkubwa akiwa safarini. Wale wasaidizi ndo waliobeba mzigo, na majina yao hayamo kwenye kumbukumbu yoyote ya kriketi. Nakubaliana na wewe mzee kwamba hapo kuna jambo la kujiuliza, na nitalirudia chini kidogo.

Kwani hao makasisi walikuwa wanalipwa kucheza? Na kama hawalipwi walikuwa wanakula nini?

Hawakulipwa, na hapo ndo penyewe. Kriketi ya Uingereza ilikuwa imekatwa vipande viwili. Kuna waliocheza kwa mshahara, hao waliitwa wachezaji, na kuna waliocheza bila mshahara, hao waliitwa mabwana, na kila mwaka makundi haya mawili yalikutana kwenye mechi yao maalum iliyoanza 1806 na ikaja kufa 1962. Mabwana walikuwa na chumba chao cha kubadilishia nguo, viwanja vingine walikuwa hata na geti lao la kuingilia uwanjani, na kwenye karatasi ya matokeo bwana aliandikiwa herufi za majina yake mbele ya jina la ukoo, wakati mchezaji wa kulipwa mara nyingi aliandikwa jina la ukoo tu, au herufi zake zikawekwa nyuma. Kasisi alihesabiwa bwana moja kwa moja bila mjadala. Watu wanaona tu kwamba makasisi walipenda mchezo, lakini ukweli ni kwamba kijana wa mgodini au wa kiwandani mwenye kipaji kile kile alitakiwa apate mshahara wa kriketi ndo aache kazi siku tatu. Kasisi hakuhitaji.

Sasa alikula nini. Kasisi wa parokia ya Kanisa la Uingereza aliishi kwa zaka na kwa ardhi ya kanisa. Zamani zaka ililetwa kwa mazao yenyewe, mganda wa kumi wa ngano, mwanakondoo wa kumi, na ugomvi haukuisha kati ya mkulima na kasisi, mpaka sheria ya 1836 ikageuza yote kuwa pesa, kiasi kikafuata wastani wa bei ya ngano, shayiri na oti kwa miaka saba. Ilikuwa njia ya amani, lakini ilimfunga kasisi kwenye bei ya nafaka. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1870 ngano ya bei rahisi ikaanza kumiminika kutoka Marekani, bei Uingereza ikaporomoka, na mapato ya makasisi wa vijijini yakaporomoka nayo. Kwahiyo ukimwona kasisi wa 1890 na kitu uwanjani usidhani wote walikuwa wanaogelea kwenye hela, wengine walikuwa na nyumba kubwa ya parokia yenye vyumba vingi na hawawezi kuipasha moto wakati wa baridi.

Na hiyo parokia yenyewe hukuipata kwa kuomba askofu tu. Haki ya kumchagua kasisi ilikuwa mali ya mtu, inaweza kuwa ya mwenye mashamba wa pale, ya chuo cha Oxford au Cambridge, ya askofu au ya mfalme, na haki hiyo iliuzwa na kununuliwa kama kiwanja. Familia yenye mtoto wa tatu wa kiume asiyerithi ardhi ilijua mapema itampeleka wapi.

Naomba kuuliza, mbona wengi hivyo? Kwenye orodha za zamani kila timu naona kuna "Rev." mmoja au wawili.

Kwasababu njia ya kuwa kasisi na njia ya kuwa mcheza kriketi zilipita shule zile zile na vyuo vile vile. Kijana anaanza shule ya bweni, anacheza kila siku ya kiangazi, anakwenda Oxford au Cambridge, anacheza tena, na digrii ya hapo ndo ilikuwa tiketi ya kawaida ya kupewa ushemasi kisha ukasisi. Wickham alipita njia hiyo hiyo, Marlborough, alafu New College ya Oxford, akaichezea Oxford dhidi ya Cambridge 1878. Hata mechi ya kwanza kabisa kati ya Oxford na Cambridge, ya 1827, ilipangwa na Charles Wordsworth, mtoto wa mdogo wake mshairi William Wordsworth, na yeye akaishia kuwa askofu wa St Andrews kule Scotland.

Kulikuwa pia na fikra iliyoenea katikati ya karne, watu waliiita Ukristo wa misuli, kwamba mwili wenye nguvu na moyo wa uchaji ni ndugu, na kijana anayejifunza kukubali uamuzi wa refa bila kununa anajifunza kitu cha kiroho. Mimi binafsi naikubali nusu. Uwanja unafundisha uvumilivu, hilo nimeliona kwa macho yangu, ila fikra hiyo iliwafanya wengine waamini kwamba asiyecheza ana kasoro ya tabia, na hapo ilikosea vibaya.

Kaka, kuna jamaa kazini ananiambia makasisi wa kriketi walikuwa wacheza kamari wakubwa. Ni kweli au anawazushia?

Hajazusha, ila amechanganya enzi. Huyo anayemsema lazima ni Lord Frederick Beauclerk, mtoto wa Duke wa St Albans, ukoo wa mfalme Charles II. Alizaliwa 1773, akawa kasisi wa St Michael's kule St Albans, na kwa miaka mingi alikuwa miongoni mwa wachezaji bora kabisa wa nchi na mtu mwenye sauti kubwa kwenye klabu ya MCC ya London. Mwenyewe alijisifu kwamba kriketi inamwingizia gini 600 (gini ni pesa ya zamani ya Uingereza) kwa mwaka, na hazikuwa za zawadi, zilikuwa za kubeti. Mtu huyu alikuwa na parokia! Nikisoma habari zake nawafikiria waumini wake, maskini, mchungaji wao roho iko uwanjani Lord's anahesabu dau.

Lakini Beauclerk ni mtu wa karne iliyotangulia aliyechelewa kuondoka, alifariki 1850. Kizazi kilichofuata kilimwonea aibu. Mwaka mmoja tu baada ya kifo chake, 1851, kasisi mwingine, James Pycroft, alitoa kitabu cha kriketi chenye sura nzima juu ya mechi zilizouzwa na wabeti waliokuwa wanawanywesha wachezaji pombe ili wapoteze, na habari hizo alizipata kwa kukaa na wachezaji wazee na kuwasikiliza. Kwahiyo mwambie jamaa yako kamari ilikuwepo kweli, kasisi aliicheza, na kasisi ndiye aliyeianika.

Tueleze vizuri habari ya huyo Wickham. Ulisema "alikuwa karibu na rekodi kubwa kuliko mtu yeyote" alafu ukaishia hapo. Si haki!

Ni kweli sikuwatendea haki, naomba radhi, nilikosa nafasi. Basi leo nampa nafasi yake.

Wickham alicheza Norfolk kwanza, kisha akaanza na Somerset 1891, mwaka ule ule kaunti hiyo ilipoingia kwenye ligi ya kaunti. Alikuwa na miaka 35, umri ambao leo kipa anafikiria kustaafu. Alichuchumaa miguu ameitanua kwa namna iliyowashangaza watu, kichwani amevaa kofia ya rangi rangi ya klabu ya Harlequins ya Oxford. Somerset ya wakati ule ilikuwa timu ya kupendeza na dhaifu, leo inamfunga mkubwa, kesho inapigwa mpaka huruma, na siku za kupigwa kipa ndiye anayekuwepo kwenye kila mpira.

Siku ya kwanza ni hiyo niliyoitaja ya Bristol, Mei 1895. Mpigaji ni W. G. Grace, daktari mwenye ndevu, miaka 46, wengi walishamwona amezeeka. Alikuwa anatafuta senchuri (mikimbio mia, yaani pointi mia, katika zamu moja ya kupiga) ya 100 ya maisha yake, kitu ambacho hakuna binadamu aliyewahi kukifikia. Akaipata dhidi ya Somerset, na hakuishia hapo, alikwenda mpaka 288. Muda wote huo mtu aliyekuwa karibu naye zaidi ni kasisi wa Martock, na ndiye aliyekuja kusema kwamba katika zamu yote ile ni mipira minne tu iliyoupita mti (gongo la kupigia) wa Grace ikamfikia yeye. Fikiria maana yake. Kwa saa nyingi kipa anainama, anafungua mikono, mpira unakuja mpaka unahisi ni wako, alafu mti unatokea na unaondoka nao. Mara nne tu ndo mikono ilipata kazi.

Miezi miwili baadaye, Jumatatu 15 Julai 1895, Lancashire wakaja Taunton. Kijana wa miaka 23, Archie MacLaren, akafungua upigaji. Jioni alikuwa bado yupo, kesho yake akaendelea, mpaka akafika 424. Alikaa saa 7 na dakika 50, alipiga mipira 62 ya mikimbio minne minne na mmoja wa mikimbio sita. Hakuna aliyewahi kufika 400 kwenye kriketi ya daraja la kwanza, na namba hiyo ilibaki rekodi ya dunia mpaka 1923 Bill Ponsford wa Australia alipopiga 429, na kwenye ardhi ya Uingereza ilidumu mpaka 1994 Brian Lara alipopiga 501. Lancashire walifika 801. Somerset wakapiga mara mbili zote na bado wakapungukiwa na mikimbio 452. Na nyuma ya MacLaren, kila mpira, kasisi yule yule.

Ukisoma habari za MacLaren waandishi wanakueleza alivyoonekana kwa mbele, mti ulioinuliwa juu, kifua kimefunguka. Wickham aliona upande ambao hakuna mtu mwingine aliuona, visigino, mgongo, bega la kushoto linavyogeuka kabla ya pigo. Wakati ule ova, yaani zamu ya mrushaji mmoja, ilikuwa ya mipira mitano, kwahiyo kila baada ya mipira mitano kipa anainuka, anatembea yadi 22 na zaidi kwenda upande wa pili, anachuchumaa upya. Hesabu mwenyewe magoti yale ya mtu wa miaka 39 kwa karibu saa nane.

Mbali na kriketi alikuwa mkusanyaji wa vipepeo na nondo, na alijulikana kwa hilo miongoni mwa watu wa fani hiyo. Sishangai hata kidogo. Mtu anayeweza kusimama kwenye majani jioni bila kutikisika akisubiri nondo atue ndo mtu anayeweza kumsubiri Grace akosee.

Na kanisa lake la Martock lina kitu ambacho ningependa sana kukiona. Ni kanisa la mawe ya rangi ya asali kutoka Ham Hill, paa lake la ndani ni mbao zilizochongwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1500. Ukutani kwa nje kuna vishimo vya kupandia, vilichongwa na vijana wa zamani waliokuwa wanacheza mpira wa kupiga kwa kiganja kwenye ukuta wa kanisa, mpira ukikwama juu wanapanda kuuchukua. Yaani miaka mingi kabla Wickham hajafika pale, ukuta wa kanisa ulishakuwa kiwanja. Baada ya Martock alihamia East Brent, Somerset hiyo hiyo, akakaa mpaka kifo chake. Mzee wa kanisa uliyeuliza mwanzo, nilisema nitarudi kwako: hapa ndipo ninapomtofautisha na Beauclerk. Kaunti alimaliza kuichezea 1907. Parokia hakuiacha, alikufa akiwa bado mtu wa East Brent, miaka 28 baada ya kuvua glavu.

Kuna kasisi yeyote wa enzi hizo aliyecheza mechi za kimataifa?

Aliyekaribia ni Vernon Royle wa Lancashire. Alikwenda Australia na timu ya Lord Harris na akacheza Test moja (ndo mechi ya kimataifa yenyewe) Melbourne, Januari 1879, lakini alikuwa bado hajapewa ukasisi, aliupata baadaye. Test hiyo ina historia ngumu kwake, kwasababu Fred Spofforth wa Australia siku ya kwanza aliangusha wapigaji watatu kwa mipira mitatu mfululizo, mara ya kwanza kutokea kwenye Test, na Royle alikuwa wa kwanza wa hao watatu. Ila Uingereza haikumkumbuka kwa hilo. Ilimkumbuka kwa udakaji. Alisimama upande wa kuvizia, anatumia mikono yote miwili sawa sawa, na kuna kisa maarufu cha mechi ya Lancashire na Yorkshire ambapo mpigaji alimwita mwenzake Tom Emmett wakimbie mkimbio mmoja wa haraka, Emmett akagoma kutoka, akasema pale kuna polisi. Polisi mwenyewe ni Royle. Maisha yake yaliyobaki alikuwa mwalimu, Elstree kwanza, kisha mkuu wa shule ya Stanmore Park.

Kucheza Test ukiwa tayari umevaa kola ya ukasisi, hilo halikutokea enzi zote za Victoria. Wa kwanza ni David Sheppard, aliyepewa ukasisi 1955 na akacheza Test mwaka uliofuata.

Shikamoo. Kuna yeyote kati yao aliyefika Afrika? Bibi yangu alizaliwa Kongo na aliwahi kusikia habari za mmisionari aliyekuwa mchezaji.

Marahaba mwanangu, na bibi mpe salamu zangu, kumbukumbu yake iko sawa. Huyo bila shaka ni Charles Studd. Hakuwa kasisi, hakuwahi kupewa daraja la kanisa, ila maisha yake yamepakana kabisa na mada yetu. Alikuwa nahodha wa Cambridge 1883. Mwaka mmoja kabla, Agosti 1882, alikuwa kwenye timu ya Uingereza iliyocheza na Australia uwanja wa Oval, London. Msimu huo alishapiga zaidi ya mikimbio mia mara mbili dhidi ya Waaustralia hao hao, lakini siku ya mwisho, Uingereza wanahitaji 85 tu kushinda, akateremshwa mpaka nafasi ya kumi. Spofforth, yule yule aliyemwangusha Royle, akawa anawapukutisha mmoja mmoja. Studd aliingia, akasimama upande wa pili wa wiketi, na kabla hajapokea hata mpira mmoja mwenzake wa mwisho akatoka. Uingereza 77, wamepungukiwa mikimbio minane kushinda. Kutokana na mechi ile gazeti moja likaandika tangazo la kifo cha kriketi ya Uingereza na kusema majivu yatapelekwa Australia, na mpaka leo nchi hizo mbili zinagombea Majivu.

1885 akaacha yote akaenda China, akagawa karibu urithi wake wote, baadaye akahudumu India, na 1913 akiwa na miaka 52 na afya mbovu akaingia Kongo. Kule walimwita Bwana Mukubwa. Alifariki Ibambi 1931.

Na kwa kuwa umegusa wamisionari, siwezi kumpita mmoja ambaye kweli alikuwa kasisi, kisha askofu, John Coleridge Patteson. Huyu hakuja Afrika, alikwenda visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Alikuwa nahodha wa timu ya shule ya Eton. Pale shuleni kwenye chakula cha jioni cha wachezaji ilikuwa desturi kuimba nyimbo chafu, Patteson akasema wakiimba anaondoka, wakaimba, akatoka na kujiuzulu timu, mpaka walipomwomba msamaha ndo akarudi. 1855 alisafiri kwenda New Zealand, 1861 akawekwa wakfu kuwa askofu wa Melanesia, na alijifunza lugha za watu wa visiwani zaidi ya ishirini. Miaka hiyo meli zilikuwa zinapita visiwani kuteka vijana kwa hila na kuwapeleka mashamba ya Queensland na Fiji. Tarehe 20 Septemba 1871 alishuka peke yake kwenye kisiwa cha Nukapu, ambako vijana watano walikuwa wametekwa. Wakamwua. Mwili wake ulirudishwa ukielea kwenye mtumbwi, umefungwa mkeka, una majeraha matano, na juu ya kifua kuna kuti la mnazi lenye mafundo matano. Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuwalinda watu wa visiwa vile. Nimesoma habari hiyo mara nyingi na bado kuti lile linanishika koo.

Mhariri naitwa kipa tu, usiandike jina langu. Niko kidato cha pili, nacheza kriketi timu ya wasichana ya shule yetu. Wanaofunga mikimbio wanasifiwa, wanaoangusha wiketi wanasifiwa, mimi nikikosa mpira mmoja ndo najulikana. Nataka kuacha. Huyo kasisi wako hakuwahi kuchoka?

Mdogo wangu, barua yako nimeiweka mwisho makusudi.

Nimekueleza siku zake mbili mbaya, kuna ya tatu nilikutunzia. 1899, Taunton tena, wageni ni Hampshire. Meja mmoja wa jeshi, Robert Poore, akapiga 304, na Teddy Wynyard akapiga 225, wawili hao peke yao wakaongeza 411 kabla ya kutenganishwa. Hampshire walifika 672 kwa wiketi 7, yaani wapigaji saba tu wametolewa, ndo wakaamua wenyewe kusimama. Wickham alikuwa na miaka 43.

Wewe kipa unajua bai ni nini, ila kwa wasomaji wengine, ni mikimbio inayopatikana pale mpira unapompita mpigaji bila kuguswa na unampita na kipa pia. Ndo ile inayokufanya ulie jioni. Kwenye karatasi ya mechi huwa ina mstari wake peke yake, chini kabisa, baada ya majina yote ya waliosifiwa. Hampshire siku zile walipiga 672, na kwa mkono wa kasisi wa Martock hawakupata hata bai moja.